Mchezo wa dola 75 na daftari la bibi

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya wanafunzi wa kompyuta. Nimeinakili kutoka kwenye karatasi zangu, na yale niliyoyasema nje ya karatasi nimeyaacha humo humo.

Assalaam alaykum. Wakubwa wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Naona walioko nyuma wameshafungua laptopu. Si neno, hata mimi nilikuwa wa nyuma.

Nilipopigiwa simu niliambiwa nije nieleze safari yangu ya kikazi. Nikashika kalamu nikaandika: nilizaliwa Mji wa Kale, nikasoma, nikakosa kazi, nikapata kazi, nikaiharibu, nikapata nyingine. Nikamsomea mamangu. Akaniuliza, "Na watu wametoka majumbani mwao kuja kusikiliza hayo?" Kwa hivyo nimekuja na mtu mwingine. Nitamzungumzia yeye, na mimi nitakuwa napita katikati kama muuza njugu uwanjani.

Lakini kwanza niwaulize. Kwenye CV zenu, ule mstari wa mwisho kabisa, wa mambo mnayoyapenda nje ya kazi, mmeandika nini? (Sauti kutoka nyuma: "Kusoma na kusafiri!") Ehe. Kusoma, kusafiri na kukutana na watu. Hata mimi niliandika hivyo hivyo, na wakati huo nilikuwa sijavuka Kilifi. Tunauandika mstari ule kama mtu anayefagia vumbi chini ya jamvi. Mtu wangu wa leo, ukimfutia mstari ule, hapabaki kitu cha kusimulia.

Anaitwa Ken Thompson. Mwenye simu ya Android mfukoni, kiini cha simu hiyo ni Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, kwa kuigiza mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha mashine, uitwao Unix. Mwenye iPhone asicheke: ukiufuata ukoo wa simu yake utaishia kwenye Unix ile ile, kwa mlango mwingine. Na Unix ya kwanza kabisa aliiandika Thompson, akiwa peke yake nyumbani, mke kasafiri. Nitafika huko.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1943. Babake alikuwa mwanamaji wa jeshi la Marekani, kwa hivyo mtoto alikulia huku na huku, California, Louisiana, na miaka kadhaa Napoli kule Italia. Mtoto wa bandari, kama sisi. Tangu udogoni aliichezea elektroniki. Akasoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, shahada ya kwanza 1965, ya pili 1966. Mwaka huo huo wa 1966 akachukuliwa na Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, kule New Jersey, na mwenyewe amesimulia kwamba hakuwa hata na nia ya kutafuta kazi. Waliomtafuta ni wao.

Mimi sikutafutwa na mtu. Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio Mwembe Tayari, nami ndiye niliyemshikia tochi. Kompyuta niliijua saibani, duka la kukodi kompyuta na intaneti. Mwaka 2003 saiba ya karibu na kwetu ilitoza shilingi mbili kwa dakika, na shilingi mbili zilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Basi nikawa naandika programu zangu kwa kalamu, kwenye daftari la mistari, nazisahihisha kwa kalamu, naziendesha kichwani mstari kwa mstari. Jumamosi naenda saibani na shilingi arobaini, nachapa mbio mbio dakika kumi na tano, tano zilizobaki ni za kuona kama imekubali. Ikikataa, narudi nyumbani na kosa langu nimeliandika pembeni mwa ukurasa, naishi nalo wiki nzima.

Nasimulia haya kwa sababu Thompson naye alilipishwa kwa dakika, ila yeye alilipiwa na mwajiri. Sikilizeni kisa chenyewe.

Bell Labs ilikuwa imeshirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric kujenga mfumo endeshi mkubwa ulioitwa Multics. Mfumo ulikuwa na akili nyingi na uzito mwingi zaidi, na mwaka 1969 Bell Labs wakajitoa. Thompson akabaki hana mfumo wa kuchezea. Na naposema kuchezea, nina maana hiyo hiyo. Alikuwa ameandika mchezo, Space Travel, chombo kinachosafiri kati ya sayari na miezi yake na wewe unajaribu kukitua. Kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, kuucheza mara moja kulikula kama dola 75 za muda wa mashine. Dola 75 za mwaka 1969! Hata mwajiri mwenye moyo mpana angekohoa.

Akaona kwenye kona moja kompyuta ndogo aina ya PDP-7, imeachwa, hakuna anayeishughulikia, lakini ina skrini nzuri. Yeye na mwenzake Dennis Ritchie wakauhamishia mchezo huko. Kuuhamisha kukawalazimu kuandika kila kitu upya, kuanzia hesabu za desimali hadi michoro ya herufi. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 8,192 ya biti 18 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), ambayo ukiyageuza baiti, mafungu ya biti nane nane, hayafiki hata kilobaiti 19. Picha moja ya mahamri mnayotumiana kwenye WhatsApp haiingii humo.

Basi mchezo ukachezeka. Na katika kuucheza, mtu akaizoea mashine. Akaanza kujaribu namna ya kupanga faili kwenye diski. Siku moja akatazama alichonacho, akaona amebakiza vitu vitatu tu kuwa na mfumo endeshi kamili: kihariri cha kuandikia programu, asembla ya kuigeuza iwe lugha ya mashine, na kiini cha kusimamia vyote. Ikasadifu kwamba mkewe anakwenda California kwa wiki tatu, kumpeleka mtoto wao wa mwaka mmoja akaonwe na wazee. Wiki moja kihariri. Wiki moja asembla. Wiki moja kiini. Mama mtoto aliporudi alikuta Unix.

(Kicheko.) Naona akina dada mnatingisha vichwa. Nakubaliana nanyi. Kila kisa cha mtu aliyefanya jambo kubwa kwa wiki tatu, ukichungulia nyuma yake kuna mwingine aliyembeba mtoto wiki hizo tatu.

Wakubwa hawakufurahi mara moja. Thompson na wenzake walikuwa wameomba wanunuliwe mashine kubwa zaidi wakakataliwa, tena zaidi ya mara moja. Hapo wakafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko lile la wiki tatu. Ofisi iliyoshughulikia maombi ya haki za uvumbuzi ilikuwa inahitaji namna ya kuchapa nyaraka zake, zenye mistari ya kuhesabiwa na masharti yake mengine. Jamaa wakaandika ombi upya: tununulieni PDP-11, kama dola 65,000 hivi, nasi tutawajengea mtambo wa kuchapia nyaraka. Neno "mfumo endeshi" hawakulitia. Wakanunuliwa. Wakajenga mfumo endeshi, na juu yake mtambo wa kuchapia, na makarani wakaanza kuutumia mwaka 1971. Ahadi walitimiza, hakuna aliyedanganywa, na walichokitaka wakakipata.

Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kuomba fedha ambapo kijana anasimama kueleza kiini cha programu yake kwa dakika arobaini, na mwenye fedha anataka kujua jambo moja tu, kama risiti zitachapika. Mwambieni zitachapika. Halafu zichapike kweli.

Ya kiufundi nitapita haraka, kwa kuwa walimu wenu wamewafundisha. Thompson akatunga lugha ya kuandikia programu aliyoiita B. Ritchie akaikuza ikawa C, na mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa C, ndipo ikaweza kuhama mashine moja hadi nyingine. Mwaka huo huo yakaja mabomba, njia ya kupitisha matokeo ya programu moja yaingie kwenye nyingine. Doug McIlroy, mkuu wao, alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu zingefaa ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na kwa miaka aliwasumbua nalo. Usiku mmoja Thompson akalifanya. Kesho yake kila mtu ofisini akawa anaunganisha programu na programu kama watoto waliopata vibiriti. Na ile amri ya grep mnayoitumia kila siku ilizaliwa vivyo hivyo. McIlroy aliomba kitu cha kutafuta maneno ndani ya mafaili, Thompson akasema atalifikiria usiku, asubuhi akaja nacho. Ukweli ni kwamba alikuwa nacho tayari, kifaa chake mwenyewe cha pembeni, akakipiga pasi tu. Fundi mzuri huwa na kitu kabatini.

Mwaka 1983 yeye na Ritchie wakapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Watu wakikabidhiwa tuzo hushukuru. Yeye alisimama akaeleza jinsi ya kuficha mlango wa wizi ndani ya kompaila, ile programu inayogeuza programu nyingine ziwe lugha ya mashine, kwa namna ambayo hata ukisoma msimbo wote, yaani maandishi ya programu, hadi mwisho huuoni, kwa sababu kompaila chafu inajizaa yenyewe kila inapotengenezwa upya. Hotuba ilichapishwa 1984 na hadi leo wanaoshughulika na usalama wa mitandao wanaisoma. Nimesema msimbo, hilo ni neno la kitabuni. Mtaani twasema kodi, na mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa akifurahi sana akinisikia nikiwaambia watu nakesha nikishughulikia kodi.

Sasa tuje kwenye mapenzi yake. La kwanza sataranji.

Thompson na mwenzake Joe Condon walijenga mashine ya kucheza sataranji tu, kazi nyingine haijui, wakaiita Belle. Iliweza kupima kama nafasi 160,000 kwa sekunde. Mwaka 1980 ikatwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta kule Linz, Austria. Mwaka 1983 ikawa mashine ya kwanza kupewa daraja la umahiri katika sataranji ya Marekani, daraja ambalo binadamu wengi hufa bila kulifikia. Katikati ya hapo, 1982, walikuwa wanaisafirisha kwenda Moscow kuonyeshwa. Forodha ya Marekani ikaikamata uwanja wa ndege wa Kennedy, kwa kuwa vifaa vya aina ile vilikatazwa kwenda kwa Warusi, visije vikawasaidia kijeshi. Thompson alisema namna pekee ya kuigeuza Belle silaha ni kuidondosha kutoka kwenye ndege, pengine itamwangukia mtu. Nyinyi watoto wa bandari, jamaa zenu wengi wamekaa Kilindini wakingoja kontena. Mnajua uchungu wa mzigo kukamatwa. Sasa fikirieni mzigo wenyewe unacheza sataranji kukushinda.

Kuna jingine la sataranji. Zamani Unix iliweka maneno ya siri ya watumiaji kwenye faili moja, yakiwa yamefumbwa. Faili moja la namna hiyo, la miaka ya mwisho ya 1970, likabaki kwenye hifadhi, na ndani yake mna neno la siri la Thompson. Watu walilifumbua la huyu na la yule, lake likakataa. Mwaka 2019 mtu mmoja akaiacha mashine yake ikitafuta siku nne na zaidi, ikatoka na hili, nawaandikia ubaoni:

p/q2-q4!

Wasiocheza sataranji wanaona takataka. Wanaocheza wanajua ni hatua ya ufunguzi: kitunda kilicho mbele ya malkia kinasogea nyumba mbili. Thompson alipopata habari alimwandikia mfumbuaji neno moja la pongezi. Miaka arobaini mlango wake ulikuwa umefungwa kwa hatua ya kwanza ya mchezo aupendao. Hata mkijua hili, msifanye hivyo. Tumieni maneno marefu.

La pili ni kuruka. Alikuwa na leseni ya urubani, na aliwahi kwenda Urusi akapanda MiG-29, ndege ya kivita. Kwa hivyo Moscow alifika, Belle ndiye aliyebaki njiani.

Hapa nataka kuvuta kiti, kwa sababu jambo linalofuata linanihusu mimi, linamhusu na yeyote humu ambaye kwao husemwa lugha nyingine kabla ya Kiswahili.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. A kubwa ni 65, a ndogo ni 97. Jedwali la zamani la Wamarekani, ASCII, lina nafasi 128 tu. Kiswahili tunachoandika leo kinaenea humo chote, na q na x zetu hatuna hata pa kuzipeleka. Hata ng' ya ng'ombe imo, kile kikoma chake cha juu kipo kwenye jedwali. Kwa hivyo Mswahili hakuona shida. Shida aliiona Mkikuyu, ambaye ĩ na ũ zake hazimo. Mhabeshi hana humo hata herufi moja. Mwarabu, Mrusi, Mchina, wote wako nje ya mlango. Kila nchi ikatengeneza jedwali lake, na namba ile ile ikawa herufi hii hapa na herufi nyingine kule. Barua ilitoka Athens salama, ikafika Tokyo imekuwa uganga.

Baadaye ikaja Unicode, iliyotaka kila herufi duniani ipewe namba yake isiyogombaniwa. Vizuri. Lakini namba hizo utazihifadhi vipi? Pendekezo la baiti mbili mbili kwa kila herufi lingevunja programu zote zilizokuwapo, kwa sababu a ya kawaida ingetanguliwa na baiti tupu, na kwenye Unix baiti tupu maana yake maneno yameisha.

Septemba 1992, jioni, Thompson na mwenzake wa kazini Rob Pike wametoka kula kwenye mkahawa mmoja wa New Jersey. Wameombwa maoni juu ya pendekezo jipya, na wameliona halijakaa sawa. Thompson akaigeuza ile karatasi inayotandikwa chini ya sahani, akaanza kuchora. Jambo lenyewe ni hili. Baiti inayoanza na 0 ni ASCII ya zamani, iache ilivyo, mafaili yote ya dunia yaliyokwisha kuandikwa yanabaki halali. Herufi yenye namba kubwa kuliko hapo inasafiri kwa msafara wa baiti. Kiongozi wa msafara anaanza na moja kadhaa, 110 ukiwa msafara wa wawili, 1110 wa watatu. Wafuasi wote wanaanza na 10. Basi. Ukidondoka katikati ya faili kama mtu aliyeshuka matatu usiku mahali asipopajua, tazama uliyesimama naye: akiwa na 10 ni mfuasi, rudi nyuma hatua chache utamkuta kiongozi. Hupotei. Usiku ule ule Thompson akaandika msimbo wa kufunga na kufungua misafara hiyo, na kabla ya wiki kuisha mfumo wao wote, Plan 9, ulikuwa unaendeshwa hivyo. Ndiyo UTF-8. Leo karibu kila ukurasa mnaoufungua kwenye intaneti umeandikwa kwa karatasi ile ya mkahawani.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa na miaka miwili kazini, Nairobi, kampuni ndogo ambayo sitaitaja kwani kosa halikuwa lao. Tukapewa kazi ya kuchapa vijitabu vya nyimbo vya Gĩkũyũ. Maneno yalitoka kwenye databesi niliyoitengeneza mimi. Kwenye skrini yangu yakaonekana sawa. Nikayapeleka kwa mpiga chapa, nakala 600. Wiki ya pili akaja mzee mmoja, koti limefungwa vifungo vyote, akaweka kijitabu mezani kwangu taratibu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno. Neno lilikuwa hivi:

GÄ©kÅ©yÅ©

Akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, hii mmetuandikia kwa lugha gani?"

Leo naweza kumjibu. Herufi ũ ni namba 361, na msafara wake ni baiti mbili, 197 na 169. Databesi yangu iliambiwa, na aliyeiambia ni mimi, kwamba kila baiti ni herufi kamili ya jedwali la Ulaya Magharibi, na kwenye jedwali hilo 197 ni Å, 169 ni ©. Kiongozi na mfuasi wake nilikuwa nimewaandikisha kama wageni wawili wasiojuana. Mstari mmoja wa mipangilio. Siku ile sikuwa na jibu. Nilisema "samahani mzee" mara nyingi, vijitabu 600 vikaenda kufungia nyama, na kazi ile hatukuipata tena. Usiku nikatafuta kila kilichoandikwa juu ya UTF-8, na ndipo nilipokutana na kisa cha mkahawa. Mimi Thompson nilimjua kwa njia ya aibu.

Mengine ya maisha yake kwa ufupi. Alistaafu Bell Labs mwaka 2000, akakaa kampuni nyingine miaka michache, 2006 akaingia Google. Mwaka 2007 yeye, Pike na Robert Griesemer wakaanza kubuni lugha ya Go, ikatangazwa Novemba 2009, yeye ana miaka 66. Naikumbuka 2009 kwa jambo jingine, ndio mwaka nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipotua hapa hapa Mombasa. Ukitaka kukiita kitu Gĩkũyũ ndani ya programu yako ya Go, kiite, haitalalamika.

Machi 2023, akiwa na miaka 80, alialikwa kuhutubia mkutano wa watu wa Linux kule California. Ukumbi umejaa, wote wanangoja siri za Unix. Akazungumzia muziki. Mkusanyiko wake wa nyimbo, mashine za muziki za kutia sarafu, piano ya kujipiga yenyewe, mradi wa miongo na miongo. Kwenye maswali mtu akamuuliza anatumia mfumo gani siku hizi. Akasema alikuwa mtu wa Apple miaka mingi, amechoka nao, anahamia Raspbian, ile Linux ya vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilichokipenda ni lile la muziki. Mzee ameitwa kuzungumzia kazi, akazungumzia kinachomnyima usingizi.

Basi na mimi nizungumzie kinachoninyima usingizi, kisha niwaachie.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa Lamu aliyeolewa Mombasa. Shule ya Wazungu hakuiona. Alisoma chuoni, yaani madrasa, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, tungo zake, madeni ya duka, tarehe za uzazi wa wajukuu, vyote daftari moja lenye jalada la kijani. Alipofariki daftari likaja kwangu, kwa kuwa mimi "ndiye wa kompyuta". Kila Ijumaa jioni, miaka saba sasa, nakaa na daftari lile nanakili. Upande mmoja herufi zake kama alivyoziandika, upande wa pili herufi hizi zetu. Ba ni namba 1576, msafara wa baiti mbili, kama ile ũ iliyoniadhiri. Safari hii zinakaa sawa.

Kugumu ni kusoma. Kiarabu hakina p, basi bibi, kama wengi wa zamani, p aliiandika kwa ba. Mb kwa ba. Mp kwa ba. E na i kwake zilikuwa irabu moja, o na u vivyo hivyo. Walikuwapo waliotia alama za kutofautisha, yeye hakujali, alikuwa anajiandikia mwenyewe na alijua alichosema. Nimeandika programu ndogo ya kunisaidia. Unaipa neno, inakutolea njia zote linavyoweza kusomeka, inazilinganisha na kamusi, inakupa orodha. Haina mnunuzi wala sijamtafutia. Lakini mwaka juzi nilipoitwa kwenye usaili wa kazi niliyonayo sasa, waliniuliza ule mstari wa mwisho wa CV, nikajisahau nikawaeleza daftari. Tulizungumza saa nzima. Kusoma na kusafiri hawakuuliza.

Nimebakiza kurasa tisa. Ukurasa wa 31 kuna ubeti umenikwamisha tangu Ramadhani. Neno la mwisho la ubeti ni ba na ya, ba na ya. Programu yangu inanipa majibu matatu: bibi, pipi, na pembe. Mimi nasema ni bibi, kwamba hapo anamtaja mamake. Mamangu anashikilia ni pembe, maana ubeti uliotangulia umetaja siwa, ile baragumu ya kale, na siwa ya Pate ni ya pembe. Mdogo wangu anasema ni pipi kwa sababu yeye ndivyo alivyo.

Nimeichapa picha ya ukurasa wenyewe, iko hapa mezani karibu na mahamri. Mwenye bibi aliyesoma Lamu, ambaye bado yu hai na macho yake mazima, naomba anione kabla hajaondoka.